Nani Kaibadili Prosesa ya Mzee Halfani

Wanaomfahamu Mzee Halfani pale Kibaigwa watakuambia ni mtu mwema, anayeswali, asiyemnyima mtu salamu, ila akikuazima koleo atakuja kulitazama kabla hujamaliza kulitumia.

Tabia hiyo aliitoa barabarani. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, na ujana wake wote ameumalizia kwenye malori, akishusha mahindi ya Kibaigwa Dar es Salaam na kupandisha saruji. Wenzake walinyonywa dizeli wakiwa wamelala, walichomolewa betri, walikatiwa turubai na mzigo ukapungua bila wao kusikia. Halfani alilala kwenye kiti chake, kichwa upande wa mlango, na kila gari lililosimama jirani alilifungulia jicho moja. Siku moja gereji ya njiani ilimtolea nozeli mpya ya kunyunyizia dizeli ikamrudishia chakavu. Aliitambua kwa mlio kabla hajatoka getini, akazima injini, akashuka, akakaa juu ya tairi hadi nozeli yake ikarudi. Tangu siku hiyo, fundi yeyote aliyegusa gari lake alifanya kazi huku Halfani ameketi kwenye kigoda, macho kwenye mikono yake.

Halafu sukari ikampata. Kidonda kidogo kwenye kisigino kikakataa kupona, na mwisho madaktari wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti. Lori likapewa dereva mwingine. Halfani akarudi nyumbani, kwenye ua wake nyuma ya soko la mahindi, akakaa na mkewe Mishi, mwanamke wa Kolo anayenunua karanga vijijini na kuzibangua kwa ajili ya kuuza. Mwaka mzima alishinda barazani akisikiliza malori yakipunguza mwendo kuingia mjini. Alijua kwa mlio lipi limezidisha mzigo na lipi klachi yake inateleza. Hakuwa mgonjwa tena, lakini hakuwa anaongea.

Binti yao, Rukia, anayefanya kazi ofisi ya mizigo Dar es Salaam, ndiye aliyekuja na ile kompyuta. Aliileta siku ya Idi, boksi jeusi lenye kioo ubavuni, skrini kubwa, usukani wa kufunga mezani na pedali za kuweka chini.

"Baba, hili ni gemu la kuendesha malori," alisema. "Na halina klachi. Mguu mmoja unatosha."

Halfani alicheka kwa dharau, kisha akakaa. Alipoitwa kula hakuja. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi baada ya chai alivaa kofia yake ya kazi, akawasha mashine, akapeleka mbao na maziwa katika nchi za watu zenye theluji. Alipunguza mwendo penye kona na kuwasha taa penye ukungu. Watu walipita dirishani kumcheka, wakaishia kusimama kumtazama. Mishi, akiwa uani na karanga zake, alisikia mlio wa lori chumbani na moyo wake ukatulia, kwa sababu mumewe alikuwa ameanza tena kulalamika kuhusu madereva wengine.

Baadaye akasikia kuna vijana wametengeneza ramani ya kuongeza kwenye gemu hilo, yenye barabara zinazofanana na za kwetu, za vumbi, zenye matuta na mbuzi. Akaitaka. Fundi wa simu na kompyuta pale sokoni, kijana wa Kigogo anayeitwa Eliakimu, akamwambia ramani ni nzito, lazima mashine iongezwe ramu, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi. Halfani akakubali, kwa sharti lake la siku zote: kazi ifanyike nyumbani, yeye akiwa kwenye kigoda.

Eliakimu alikuja na bisibisi zake, akafungua ubavu wa boksi. Halfani akakaa. Katikati ya kazi adhana ya adhuhuri ikasikika. Halfani alisita, akatazama mikono ya fundi, akatazama mlango, kisha akachukua magongo yake akaenda msikitini. Aliporudi, boksi lilikuwa limefungwa, na Eliakimu alikuwa akinywa maji aliyopewa na Mishi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee. Jaribu."

Mashine iliruka kama mbuzi. Ramani mpya ilifunguka bila tatizo, na kwa siku kadhaa Halfani aliendesha barabara za vumbi huku akikemea mbuzi wa kwenye skrini kwa Kirangi.

Tatizo lilianza mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Halfani alikwenda Dodoma mjini kliniki ya mguu, akalala kwa ndugu yake, akarudi kesho yake. Alipokaa kwenye usukani, lori lilitembea kidogo, likaganda, likaruka mbele, likaganda tena. Alikata kona akajikuta mtaroni, kwa sababu picha ilichelewa kumwonyesha kona. Alizima, akawasha. Mwanzoni ilikuwa nzuri, kwa muda wa kunywa nusu kikombe, kisha ikarudia yale yale.

Alidhani ni umeme. Akasubiri siku ambayo umeme haukuwa ukipepesa, hali ikawa ile ile. Akampigia Rukia. Rukia akamwelekeza kwenye simu jinsi ya kufungua dirisha linaloonyesha prosesa, ule ubongo wa mashine, inavyofanya kazi, akamwambia awashe gemu, asubiri iharibike, kisha amsomee.

"Inasema asilimia mia," alisema Halfani.

"Na mwendo wake? Kuna namba imeandikwa pembeni."

"Sifuri nukta nane."

"Baba, hiyo prosesa inatakiwa ivuke nne. Ni kama mtu amekanyaga mafuta huku breki ya mkono imefungwa. Inawezekana ni joto. Mwite fundi aangalie."

Lakini Halfani hakulisikia neno joto. Alisikia nne, na alisikia sifuri nukta nane. Alikwenda uvunguni mwa kitanda, akavuta kopo la karatasi lililokuja na prosesa, maana yeye hatupi kopo la kitu. Palikuwa pameandikwa nne na ushei. Akarudi kwenye skrini. Sifuri nukta nane. Akakaa na lile kopo mkononi, na akilini mwake adhana ya adhuhuri ikalia upya. Nusu saa ile alipokuwa msikitini. Boksi wazi, fundi peke yake.

Nozeli, alijisemea. Ni ile ile habari ya nozeli.

Hakumwambia mtu. Alimwita Eliakimu kama mtu asiyejua lolote, akamkaribisha vizuri, akamwagizia chai. Eliakimu alianza kazi. Kwanza aliitoa ile ramani nzito, akajaribu gemu lenyewe. Likaganda. Akatafuta virusi, hakuna. Akaangalia mpangilio wa umeme wa mashine, akaurekebisha ili prosesa iruhusiwe nguvu yote. Likaganda. Muda wote huo Halfani alikuwa akimuuliza maswali madogo madogo, moja hapa, moja pale.

"Siku ile ulipoweka ramu, ulifungua nini kingine?"

"Hakuna, mzee. Ramu inachomekwa tu."

"Hukugusa prosesa?"

"Prosesa iko chini ya feni. Sikuwa na sababu ya kufika huko."

"Pale sokoni huwa unauza na prosesa?"

Eliakimu aligeuka akamtazama. "Zikipatikana za mtumba, nauza."

Halfani akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa.

Eliakimu akafungua kijiprogramu cha kupima joto. Namba ilikuwa tisini na kitu, ikapanda mbele ya macho yao, ikafika mia. Papo hapo gemu likaganda.

"Umeona?" alisema fundi, na uso wake ukachangamka. "Hii inachemka, mzee. Ikichemka inajipunguza mwendo yenyewe isiungue. Ndiyo hiyo sifuri nukta nane yako. Kuna kitu hapa ndani hakipozi. Ngoja nifungue."

Akashika bisibisi. Halfani akaweka mkono juu ya boksi.

"Hufungui."

"Mzee, bila kufungua siwezi kujua."

"Ulishafungua mara moja. Inatosha."

Eliakimu aliweka bisibisi chini. "Una maana gani, Mzee Halfani?"

"Maana yangu unaijua wewe. Ukifungua sasa utarudisha ulichochukua, halafu utaniambia ilikuwa vumbi."

Kijana alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Chai hakuigusa. Mlangoni alimwona Mishi amesimama uani na ungo wa karanga, akampa shikamoo na kwenda zake.

"Muache kijana wa watu," Mishi alisema jioni ile. "Hana sura ya wizi."

"Wizi una sura?" aliuliza Halfani. Lakini neno hilo la mkewe lilimkaa vibaya. Kwa nini anamtetea? Alianza kumtazama. Aliona kwamba kila akiitaja mashine, Mishi hutafuta kazi uani. Akiuliza jambo, Mishi hujibu akiwa ameinamia karanga. Siku moja alimbana.

"Nilipokuwa kliniki, Eliakimu alikuja hapa?"

"Hakuja mtu."

"Hakuna aliyeingia chumba kile?"

"Baba Rukia, nimekwambia hakuja mtu."

Alisema kweli, lakini alisema macho yakiwa chini, na Halfani alikuwa dereva aliyezoea kusoma macho ya watu kwenye vizuizi. Akajua kuna kitu. Hakujua ni kitu gani, na asiyejua hujaza mwenyewe. Usingizi ukampaa. Mwenye kuibiwa, alijisemea, hujulishwa wa mwisho.

Kibaya zaidi ni kwamba alianza kusema. Pale kwenye kijiwe cha kahawa karibu na geti la soko, anapokaa na madalali na madereva wa zamani, alisema Eliakimu amembadilishia prosesa. Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema kwa namna yake, polepole, akieleza habari ya kopo na namba na adhana, hadi kila aliyesikia akaona imenyooka. Dalali mmoja akakumbuka kwamba simu yake ilirudi kutoka kwa Eliakimu ikiwa haikai na chaji. Mwingine akasema hata yeye alishangaa. Kwa madalali wa mahindi simu ndiyo jembe, na hakuna anayempelekea mwizi jembe lake. Wakaanza kupeleka simu zao kwa fundi wa upande wa stendi. Kibanda cha Eliakimu, ambacho zamani kilikuwa hakipitiki kwa watu, kikabaki na redio inayoongea peke yake.

Eliakimu alivumilia, kisha siku moja akaja kijiweni mchana kweupe. Alimwamkia kila aliyemzidi umri. Kisha akasimama mbele ya Mzee Halfani.

"Mzee, umenisema."

"Nimesema lililonipata."

"Mimi nina mke na mtoto mchanga. Kama niliiba, thibitisha. Chukua mashine yako na kopo lake, peleka kwa fundi yeyote umtakaye. Usinitaje jina. Afungue, atoe prosesa, asome jina lake mbele ya macho yako. Akisema siyo yenyewe, nitafunga kibanda na Kibaigwa nitahama. Lakini kama ni yenyewe?"

Hakusema itakuwaje. Aliliacha swali hapo kijiweni, akaondoka.

Halfani hakulala. Kama kijana ni mwizi, kwa nini amtume kwa fundi mwingine? Labda mafundi wote wa Kibaigwa ni kitu kimoja. Labda anajua ataenda kwa nani, na wameshapanga. Kwa hiyo akaamua kwenda mbali. Alimwomba Ludovick, dereva aliyekuwa akipita na lori tupu kuelekea Dodoma, ambebe. Mashine aliipakata mwenyewe, imefungwa kwenye blanketi, akaikumbatia njia nzima, kupita Mbande na Chamwino. Dodoma mjini hakuuliza kwa watu wanaomfahamu. Alishuka Majengo, akamlipa mpagazi ambebee mashine huku yeye akimfuata kwa magongo bila kumwondolea macho, akaingia mtaa wa vifaa vya umeme, akapita vibanda vitatu kwa sababu tu wenyewe walimwita kwa bidii, akaingia kwa mwanamke aliyekuwa ameinama kazini na ambaye hakumwita.

Mwanamke huyo alikuwa Priska, mtu mzima, miwani imefungwa uzi shingoni.

"Shikamoo baba. Karibu."

"Marahaba. Nataka mashine hii ifunguliwe, prosesa itolewe, nisome jina lake. Na mimi nikae hapa."

Priska alimtazama, akamtazama na lile kopo mkononi mwake. Inaonekana alishawaona wengi wa namna hiyo. "Kaa, baba. Kigoda hicho hapo."

Kwanza aliiwasha. Akapima joto, akaliona likipanda hadi mia bila hata gemu kufunguliwa. Akazima haraka, akalaza boksi, akaondoa ubavu. Aliweka kidole kwenye kile kipoozeo, pande nene la bati lenye mapezi na feni juu yake, na kikachezacheza kama jino la mtoto.

"Hiki hakikukaa," alisema.

"Kwanza prosesa," alisema Halfani. "Jina."

Priska alitoa kipoozeo, akapangusa pesti ya kijivu ya kupitisha joto iliyokuwa juu ya prosesa, akaitoa kwenye kiti chake kwa ncha za vidole, akaiweka juu ya kitambaa cheupe. "Soma mwenyewe."

Halfani alivaa miwani. Alisoma jina kwenye chuma. Akasoma kwenye kopo. Akasoma ile namba ndefu, herufi moja chuma, herufi moja kopo. Akairudia tangu mwanzo. Zilikuwa moja.

"Maandishi haya hayawezi kuchongwa?"

"Yanaweza," alisema Priska. "Lakini mtu wa kujua kuchonga hivyo, baba, atahangaika na prosesa moja?"

Halfani hakucheka. "Sasa imepunguzwa mwendo na nani?"

"Na joto. Njoo uone." Alikigeuza kipoozeo. "Hiki kinashikwa na miguu minne ya plastiki. Huu mmoja umekatika. Tazama alama ya pesti, imegusa upande mmoja tu, huku kwingine ilikuwa inapita hewa. Prosesa inachemka, haina pa kupeleka joto, inajipunguza mwendo ili isife. Ingekuwa mwanadamu ungesema amekaa chini kivulini."

Halfani aliinama, na shaka ikamrudia mbio, karibu aifurahie. "Kwa hiyo fundi aliyeweka ramu ndiye aliyeuvunja huo mguu."

"Ramu inakaa huku pembeni. Na huu haukufunguliwa kwa mkono, umekatika kwa kishindo." Priska aliliinua boksi, akalizungusha hadi kona ya chini nyuma ikatazama mwanga. Bati lilikuwa limebonyea, rangi imebanduka, na kwenye mchubuko kulikuwa na unga wa saruji. "Hii imeanguka, baba. Imeanguka kwenye sakafu."

"Labda leo njiani."

"Leo imekuja ndani ya blanketi, si ndiyo? Na mguu huu umeanza kushika vumbi palipokatika." Akachukua kipoozeo kingine rafu ya nyuma, cha kufunga kwa skrubu za chuma. "Huyo fundi wako wa kwanza hakuifungua aone?"

"Alitaka kufungua."

"Ikawaje?"

Mzee Halfani alitazama mlangoni, ambako watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Priska alipaka pesti mpya, akafunga skrubu kwa zamu, moja huku, moja kule, akawasha. Joto likapanda kidogo, likatulia kwenye sitini. Mwendo ukavuka nne ukakaa hapo hapo.

"Imepona," alisema Priska.

Halfani alikuwa amefikiria mara nyingi jinsi atakavyorudi Kibaigwa siku hiyo, na ushahidi mkononi. Alirudi na Ludovick kwenye kiti kile kile, na alipoulizwa kama mashine imepona alisema ndiyo, akageukia dirisha. Imeanguka kwenye sakafu. Nyumbani kwake wanaishi watu wawili, na mmoja wao ni yeye.

Mishi alimkuta ameketi kitandani, mashine bado ndani ya blanketi.

"Imepona?"

"Imepona. Ilianguka."

Hakuuliza, alisema tu. Mishi alikaa chini, pale pale mkekani, akavuta kanga ikamfunika mikono.

"Siku uliyolala Dodoma mvua ilikuwa kubwa," alisema. "Bati lilivuja, maji yakawa yanadondokea juu ya meza yako. Nilivuta meza peke yangu. Ikakwama kwenye ufa, nikaivuta kwa nguvu, mashine ikaporomoka kwa nyuma hadi sakafuni. Niliifuta, nikairudisha, nikaiwasha, taa ikawaka. Nikasema alhamdulillah, imepona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia imeanguka, ungeniuliza nani kaisukuma. Ningesema mimi, ungeniuliza nilikuwa natafuta nini nyuma ya meza. Ningesema bati linavuja, ungepanda na gongo kutazama kama linavuja kweli." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Miaka yote hii, Baba Rukia, wewe huambiwi jambo. Wewe unachunguza. Hata ulipouliza kama kuna aliyekuja, nilijibu ulichouliza. Hakuja mtu."

Halfani aliisogeza mashine kando yake kitandani.

"Lakini kijana alisemwa nikanyamaza," Mishi aliendelea. "Nilisikia anasemwa hadi kisimani. Kila siku nikasema kesho nitaongea. Hilo si lako, ni langu."

Walikaa hivyo mpaka giza likaingia chumbani na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Mwisho Halfani alisema, "Kesho nitakwenda kwake."

"Tutakwenda."

Walikwenda saa ambazo soko limejaa, kwa sababu Halfani alisema maneno aliyatoa mbele ya watu. Alisimama kijiweni kwa magongo yake, Mishi nyuma yake kidogo. Madalali walidhani amekuja na ushindi, wakamsogezea benchi. Hakukaa.

"Nilisema prosesa yangu imeibiwa," alisema. "Haikuibiwa. Nimeisoma kwa macho yangu. Mashine ilianguka nyumbani kwangu. Eliakimu alitaka kufungua aone, mimi nikamzuia. Niliyoyasema juu yake ni uongo, na nimeyasema hapa, kwa hiyo nayafuta hapa."

"Iliangushwa na mimi," alisema Mishi, na wanaume wakatazama chini kwenye vikombe vyao.

Yule dalali wa simu isiyokaa na chaji alijaribu kutania kwamba basi hata yake huenda iliangushwa na mkewe. Hakuna aliyecheka.

Kutoka hapo walivuka hadi kibandani. Eliakimu alikuwa ameshaambiwa, maana Kibaigwa maneno yana miguu kuliko watu. Alisimama, akawaamkia wote wawili, akampa Mishi kiti. Halfani alimwomba radhi kwa maneno machache, bila kuzunguka. Kijana alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, mzee. Kwa kweli nimekusamehe, na mama pia," alisema. "Lakini mashine yako sitaigusa tena. Ikiharibika, peleka kule kule Dodoma."

"Hata nikikaa mbali? Hata nikienda zangu barazani?"

"Hata hivyo. Nitakuwa nafanya kazi huku najiuliza unawaza nini."

Wateja walirudi, lakini si wote. Wengine walishazoea fundi wa stendi, na neno likishapita sikioni mwa mtu huacha unyevu wake. Mzee Halfani mwenyewe anawaelekeza watu kwa Eliakimu, kila anayelalamika simu, mpaka imekuwa kama kazi yake. Bati la chumbani lilipigwa kiraka. Mashine inakwenda vizuri, na mara moja moja, kabla ya kuwasha gemu, yeye hupima joto, hutazama namba mpaka atosheke, ndipo huliingiza lori barabarani.

Na kila asubuhi Eliakimu hupita mbele ya baraza akienda sokoni. Hasimami, ila hakosi kusema, "Shikamoo mzee." Halfani huitikia marahaba, kisha hubaki akimsindikiza kwa macho hadi kona, akiipima ile shikamoo, kama ilikuwa fupi kuliko ya jana, kama ndani yake kuna kitu.

"Ni shikamoo tu, Baba Rukia," Mishi humwambia kutoka uani, bila kuinua kichwa kwenye karanga. "Ipokee."